Mulika Tochi Kabla Hujanunua Kioo

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Ina nini?"

"Kioo kimekufa."

Ilikuwa saa kumi na moja jioni, na binti huyu alikuwa ameizungushia laptopu yake kanga ndani ya mkoba ili isigongwegongwe kwenye daladala. Yuko mwaka wa mwisho chuoni. Ripoti yake ya utafiti ilikuwa humo ndani, na siku za kuikabidhi zilikuwa zimebaki sita. Mafundi wawili walikwisha kuitazama. Wote walibonyeza swichi, wakaona giza, wakamtajia bei ya kioo kipya. Hakuna aliyemuuliza swali hata moja.

Mimi huanza na maswali, kwa sababu mwenye laptopu ameishi na ugonjwa wake kwa wiki nyingi kabla ya kuuleta bandani kwangu hapa Tanga. Ilianzaje? Akafikiri kidogo. Akasema kama wiki tatu nyuma kioo kilikuwa kinazima akikisukuma nyuma, kinarudi akikivuta mbele. Akazoea kuandika huku amekifungua nusu tu, shingo ameinamisha, mpaka juzi kikagoma moja kwa moja. Ilianguka? Haikuanguka. Ilimwagikiwa na maji? Hapana. Feni unaisikia? Naisikia. Ukibonyeza Caps Lock, kitaa chake kinawaka? Hilo hakuwahi kuliangalia. Tukaangalia pamoja: kikawaka, kikazima, kikawaka tena kila alipobonyeza. Mashine ilikuwa hai na inapokea amri.

Nikazima taa ya banda, nikawasha tochi ya simu, nikaielekeza kwa mshazari karibu kabisa na kioo. Nikamwambia asogee. Ndani ya lile giza, kwa mbali sana, ikaonekana saa, ikaonekana tarehe, na chini yake kisanduku cha kuandikia neno la siri.

"Kumbe ipo!" akasema, akashika mdomo.

Ipo. Picha ilikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni mwanga, na hapo ndipo kazi yote ya kuchunguza kioo inapoanzia.

Chukua kanga, itundike dirishani. Mchana, jua likiwa nyuma yake, wewe uliye ndani unayaona maua yake na kusoma jina lake bila shida. Usiku kanga ni ileile na maua ni yaleyale, lakini huoni kitu, maana nyuma yake hakuna mwanga. Kioo cha laptopu nyingi tunazotumia ni kanga hiyo. Chenyewe hakitoi mwanga. Kwenye ukingo wake, mara nyingi wa chini, umelazwa utepe wa taa ndogo za LED, na nyuma kuna karatasi za plastiki zinazousambaza mwanga ule uenee sawasawa. Mbele ya karatasi hizo kuna vioo viwili vyembamba, na kati yao tabaka la fuwele za kimiminika linalofungua na kuziba njia ya mwanga. Kila nukta ina vidirisha vitatu, chekundu, cha kijani na cha buluu. Kioo cha kawaida chenye vipimo vya 1366 kwa 768 kina nukta 1,049,088, yaani vidirisha 3,147,264. Vioo vya OLED ni jamii nyingine, kila nukta inajiwakia yenyewe, kwa hiyo tochi haisaidii huko. Lakini laptopu nyingi zinazokuja kwangu, hasa zile zilizokwisha kutumika Ulaya na Dubai, ni za taa ya nyuma.

Fuwele hizi zilinivutia tangu siku ya kwanza nilipoelezwa. Aliyezigundua, mwaka 1888, alikuwa mtaalamu wa mimea kutoka Austria aitwaye Friedrich Reinitzer. Alikuwa anachunguza kitu chenye asili ya kolestro ya karoti, akaona kinayeyuka mara mbili: kwenye nyuzi 145.5 kinakuwa kimiminika cha ukungu, na kwenye nyuzi 178.5 ukungu unatoweka. Ule ukungu wa katikati ndio tunaousoma leo kwenye kioo. Fuwele za siku hizi hufanya kazi kwenye joto la kawaida, lakini tabia haijabadilika: ukizipasha kupita kiasi zinapoteza mpangilio. Ndiyo maana laptopu iliyoachwa juani ndani ya gari huweza kuwa na doa jeusi kubwa, ukaogopa, kisha ikipoa doa likaondoka. Usikimbilie kununua kitu. Iache ipoe.

Picha husafiri kabla ya kufika machoni pako. Huanzia kwenye chipu ya picha, hupita kwenye ubao mkuu, huingia kwenye waya mwembamba unaopenya ndani ya bawaba, hupanda nyuma ya kioo hadi kwenye kiunganishi chenye pini 30 au 40, na hapo bodi ndogo iliyobandikwa ukingoni huigawa nukta kwa nukta. Popote itakapokwama njiani, dalili itaonekana mwisho wa safari, kwenye kioo. Ndiyo maana kioo kinasingiziwa. Nimebadilisha vioo vingi na vingine vilistahili kabisa kutolewa. Lakini naumia sana mtu anapouza simu yake alipie kioo, halafu wiki ya pili giza linarudi lilelile, kwa kuwa kilichokatika ni waya.

Basi tukachomeka kebo ya HDMI kwenye televisheni ya banda. Tukabonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, tukachagua picha iende nje, ikatokea kwenye televisheni safi kama mpya. Kabla ya lolote nikamwambia achomeke flashi, anakili ripoti yake, na nakala nyingine ajitumie kwa barua pepe. Sigusi skrubu ya laptopu yenye kazi ya mtu mpaka kazi hiyo iwe imehifadhiwa sehemu mbili. Fundi anaweza kuteleza, umeme unaweza kupanda, na kioo kinapatikana dukani. Ripoti haipatikani.

Televisheni peke yake inakupa nusu ya majibu. Picha ikiwa nzuri huko na mbaya kwenye kioo, chipu ya picha imepona. Kosa liko kwenye waya, kwenye kioo, au kwenye njia ya umeme wa taa. Ikiwa michirizi ileile inaonekana pia kwenye televisheni, achana na kioo, ugonjwa uko kwenye chipu au kwenye draiva, yaani programu inayoiendesha chipu hiyo. Na ikiwa televisheni nayo haionyeshi kitu ilhali feni inazunguka, huenda ramu, kile kibao cha kumbukumbu ya muda, imelegea au imepata uchafu. Chomoa chaja na betri, shikilia swichi kama nusu dakika umeme uliobaki utoke, toa ramu, sugua meno yake polepole kwa kifutio cha penseli, rudisha mpaka isikike imeingia. Laptopu kadhaa zilizoletwa kwangu zikiwa "zimekufa kioo" ziliamka kwa kifutio.

Kuna kipimo kingine ambacho hakihitaji televisheni wala bisibisi. Kioo kikiwa na mistari, piga picha ya skrini kwa kompyuta yenyewe, itume kwenye simu, ifungue huko. Mstari ukionekana na kwenye simu, basi umeingia ndani ya picha kabla hata picha haijafika kwenye waya, kioo hakina kosa. Simu ikionyesha picha safi, tuhuma inarudi kwenye waya na kioo. Kipimo kingine ni ukurasa wa BIOS, yaani wa mipangilio ya mashine kabla Windows haijaanza, ule unaoingia kwa F2 au kitufe kingine kutegemea aina ya mashine. Kioo kikiwa kinatetemeka kwenye Windows lakini kimetulia kabisa kwenye BIOS, shughulikia draiva kwanza. Hata kubonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja huanzisha upya draiva ya picha, na nimeona giza likiondoka hapohapo mbele ya mteja aliyekwisha kutoa pochi. Wenye Dell wana bahati ya ziada: nyingi ukishikilia D huku unawasha, kioo hujijaza rangi moja baada ya nyingine bila kutegemea chipu ya picha. Rangi zikiwa safi, kioo ni kizima.

Na sumaku. Hili nalisema kwa sababu liliniweka nusu siku. Mwalimu mmoja wa sekondari aliniletea laptopu inayozima kioo ghafla akiwa anasahihisha, kisha inawaka yenyewe. Bandani ilifanya kazi saa tatu mfululizo bila kosa. Nikamwomba akae aitumie mwenyewe kama anavyoitumia nyumbani. Akakaa, akavua miwani, akaweka simu yake kando ya mkono wa kushoto, juu ya laptopu, kioo kikazima. Kava la simu lilikuwa la kufunga kwa sumaku. Laptopu nyingi zina kihisio kidogo kinachotambua sumaku iliyo kwenye mfuniko, ndivyo mashine inavyojua kwamba umeifunga ili ilale. Simu ya mwalimu ilikuwa inaiambia laptopu kwamba imefungwa. Sikumtoza kitu. Tangu siku hiyo kila mteja nampa kiti atumie mashine mbele yangu, nami naangalia mikono yake.

Mistari ina lugha yake. Mstari mmoja wima, mwembamba, wa rangi ileile, usiobadilika hata ukikizungusha kioo vipi, mara nyingi ni kiungo kilichoachia pale utepe wa chipu unapobandikwa kwenye ukingo wa kioo. Wapo wanaoukanda ukingo ule kwa kidole mpaka mstari uondoke. Unaondoka kweli, na unarudi. Hicho ni kioo cha kubadilisha, au cha kuvumilia kama mstari haukusumbui. Michirizi inayocheza, rangi zinazogeuka waridi au kijani, picha inayokatika na kuunga unapogusa mfuniko, hiyo ni waya au pini. Huku kwetu pwani pini zina adui wa peke yake: hewa ya chumvi. Nimefungua laptopu ambazo hazijawahi kuona tone la maji, pini zake zimeota kutu ya kijani. Mswaki laini, spiriti kali isiyo na maji mengi, subira ya kuacha pakauke, na kioo kinarudi. Lakini ukiona weusi uliosambaa kama wino ulioanguka kwenye karatasi, pamoja na nyufa za utando wa buibui, hapo hakuna mjadala. Kimevunjika, mara nyingi kwa kalamu au waya wa chaja ulioachwa juu ya kibodi mfuniko ukafungwa.

Laptopu ya binti yule nilikuwa nimeishaishuku tangu aliposema neno "nikikivuta mbele". Nikaiwasha, nikakisogeza kioo taratibu sana, nyuzi chache kwa wakati, sikio karibu na bawaba. Kwenye pembe moja taa ikachomoza, ikazima. Nikarudi palepale, ikachomoza tena. Kioo chenyewe hakijui mfuniko uko pembe gani. Waya ndio unaojua, kwa sababu ndio unaopinda kila mfuniko unapofunguliwa.

Kasoro ya aina hii haichagui laptopu ya bei rahisi. Apple ilitengeneza MacBook Pro za mwaka 2016 zikiwa na mkanda mwembamba wa nyaya za kioo unaozunguka ubao wa chini kila mfuniko unapofunguliwa. Kwa baadhi ya mashine mkanda ulichakaa, taa ya nyuma ikaanza kuonekana kama taa za jukwaani, vipande vya mwanga chini ya kioo, kisha giza zito mfuniko ukifunguliwa zaidi. Mei 2019 kampuni ikaanzisha mpango wa kutengeneza bure zile za inchi 13. Na kwa kuwa mkanda ule uliunganishwa na kioo chenyewe, dawa ilikuwa kubadilisha mfuniko mzima. Nikiwaza hilo hushukuru kwamba laptopu nyingi zinazofika kwangu bado zina waya unaochomoka.

Sasa kufungua. Kitu cha kwanza ni betri, na hapa naomba nisikilizwe na kila kijana anayeanza kazi hii. Nilipokuwa najifunza Kariakoo, niliwahi kuchomeka waya wa kioo nikiwa nimezima laptopu lakini sijachomoa betri. Niliona imezimwa inatosha. Pini zenye umeme wa taa ziko jirani na pini nyingine, waya ukaingia umepinda kidogo, kikasikika kitu kama njiti inavunjika. Fyuzi ya taa kwenye ubao mkuu ikaungua. Kioo kipya cha mteja, kizima kabisa, kikabaki giza. Fyuzi ile ni ndogo kuliko punje ya mchele, na bwana aliyenifundisha kazi ilimbidi akae na mita na mashine ya kulehemu mpaka usiku ili kulirekebisha kosa langu. Hakunifokea. Alinipa ile fyuzi iliyoungua kwenye karatasi ya sigara, akasema niiweke mfukoni. Ninayo mpaka leo.

Kwa hiyo: chaja nje, betri nje, na kama betri iko ndani, fungua tumbo kwanza uichomoe kwenye ubao. Ndipo fremu ya mbele, kwa kadi ya plastiki na siyo bisibisi, ukianzia chini ya mpira au katikati ya ukingo. Vioo vya zamani vimeshikwa kwa skrubu, vipya vingi vimebandikwa kwa utepe unaovutika. Ukivuta kwa pupa unakatika na kioo kinapasuka mkononi. Kilaze juu ya kitambaa, soma mgongo wake.

Namba iliyo mgongoni ndiyo unayoipeleka dukani, siyo jina la laptopu. Uwe mtaa wa Aggrey pale Kariakoo au Luthuli kule Nairobi, muuzaji mzuri atakuuliza hiyo. Laptopu za jina moja zinaweza kutoka kiwandani zikiwa na vioo vya kampuni tofauti. Ukiona NT156WHM ni kioo cha BOE, B156XTN ni cha AUO, N156BGE ni cha Innolux, LP156WH ni cha LG, na hiyo 156 katikati inakuambia inchi 15.6. Kisha hesabu pini na utazame kiunganishi kiko upande gani. Vioo vya zamani vya LED vilipokea picha kwa mfumo uitwao LVDS, kwa kawaida wenye pini 40. Mfumo mpya zaidi, eDP, ulitoka mwaka 2008, na Desemba 2010 kampuni kubwa za kompyuta na chipu zikatangaza kuiacha LVDS. Vioo vingi vya eDP vina pini 30, ila vya kugusa na vya kasi kubwa vina 40 pia, kwa hiyo usiamini idadi ya pini peke yake. Ukubwa ukilingana na kioo kikaingia vizuri kwenye fremu bado si ushahidi kwamba kitawaka.

Kuna huduma moja siifanyi, na wateja wengine huondoka wamenuna. Ni kuipasha moto chipu ya picha kwa hewa ya moto ili michirizi iondoke. Mwezi Julai 2008 NVIDIA, kampuni ya chipu za picha, ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu za laptopu zilizokuwa zinakufa kwa udhaifu wa vifaa vilivyotumika kuzifungia. Tangu hapo dawa ya moto ikaenea kila mahali, kwa kuwa chipu iliyopashwa huweza kuamka. Huamka kwa siku au wiki, mteja amekwisha kulipa, kisha inakufa tena. Afadhali nimwambie ukweli, anakili faili zake kupitia televisheni kama bado inaonyesha kidogo, aanze kutafuta mashine nyingine.

Nikaifungua laptopu ya binti. Waya ulikuwa umebanwa kati ya bawaba na plastiki, utepe wake wa kijivu umelika. Nilipouchana taratibu, nyuzi mbili kati ya zile za taa zilikuwa zimekatika, na ya tatu imebaki na uzi mmoja. Ule uzi mmoja ndio uliokuwa unampa mwanga wiki zile tatu. Niliagiza waya Dar, ukaja na basi siku ya pili. Nilipoupitisha niliuacha uwe na ulegevu kidogo kwenye bawaba, nikarudisha betri mwisho kabisa, nikawasha. Kioo kilekile alichoambiwa kimekufa kikajaa mwanga.

Aliomba ule waya mbovu. Nikampa, akauangalia kwenye mwanga, akaniuliza kama utengenezaji huu unafaa kwa laptopu ya mwenzake bwenini, ambaye naye ameambiwa anunue kioo. Nikamwambia ailete, lakini kwanza wazime taa ya chumba waimulike.

Saa mbili usiku simu yangu ikalia. Alikuwa ametuma picha. Giza, duara la mwanga wa tochi, na katikati ya duara, hafifu sana, saa na tarehe.